Kizibapengo si Kiraka

Mwaka 2009 Remy Sharp, mtunga programu wa Uingereza, alikuwa akiandika kitabu kuhusu HTML5. Akahitaji neno moja la kuita kile kipande cha JavaScript kinachokipa kivinjari cha zamani uwezo ambao hakikutoka nao kiwandani. Akaunda neno "polyfill". Waingereza wana unga wa dukani uitwao Polyfilla, unaokorogwa kwa maji na kusindiliwa kwenye nyufa za ukuta kabla ya rangi kupakwa, na Sharp alitaka msomaji wake auone ukuta huo. Neno likaenea duniani kote. Kwa Kiswahili tunaweza kuliandika polifili na kuishia hapo, lakini polifili haimwambii chochote mtu ambaye hajawahi kuuona unga huo.

Wengi hukimbilia kusema kiraka, nami nalipinga neno hilo kwa nguvu. Kiraka tayari kina kazi yake katika kompyuta: ni marekebisho ya programu yenye kasoro. Tundu la usalama limegunduliwa, mtengenezaji anatoa kiraka, unakisakinisha, kinabaki humo. Kivinjari cha zamani hakina kasoro ya namna hiyo. Kinafanya yote kiliyoundwa kuyafanya, ila kilitoka kabla jambo fulani halijaingia katika viwango vya wavuti. Hapo pana pengo, na kipande tunachokizungumzia huanza kwa kuuliza kama pengo lipo kweli. Likiwapo, hulijaza kwa jina na umbo lilelile la kitu kinachokosekana. Siku kivinjari kitakapopata uwezo wake chenyewe, kipande hicho kinaondolewa na msimbo uliobaki hauguswi hata mstari mmoja.

Kwa hiyo napendekeza kizibapengo, wingi vizibapengo. Mchezaji akiumia au mwalimu akistaafu, swali letu la kwanza ni nani ataziba pengo lake. Usemi huo kila mtu anao mdomoni, na muundo wa neno tunaujua tangu zamani katika kifunguamimba na kitindamimba. Niliwaza pia kijazio, nalo si neno baya. Tatizo lake ni kwamba unaweza kujazia hata pasipopungua kitu, lakini huwezi kuziba pengo ambalo halipo.

Mahali pa kulipima neno hili ni kwenye vijenzi vya wavuti, wazo ambalo Alex Russell wa Google alilieleza hadharani mwaka 2011. Mtengeneza tovuti anabuni tagi yake mwenyewe, tuseme bei-mazao, anaipa tabia zake, kisha anaitumia popote kama tagi nyingine za HTML. Jina lazima liwe na kistari ili lisigongane na tagi za HTML yenyewe. Uandikishaji ni kwa amri moja, customElements.define. Kivinjari kisichoijua amri hiyo hakilalamiki juu ya tagi yenyewe: kinaiona bei-mazao, hakiielewi, kinaiacha bila uhai. Kizibapengo kikiingia, kinakiundia kivinjari kitu kiitwacho customElements chenye define ndani yake, kisha kinaupitia ukurasa, kinatafuta kila bei-mazao na kuipa tabia iliyoandikishwa.

Kazi hiyo ilihitajika kwa miaka kadhaa, maana vivinjari havikwenda kwa mwendo mmoja. Chrome ilipokea toleo la sasa la kiwango hicho mwaka 2016, Safari mwaka 2017, Firefox Oktoba 2018, na Edge Januari 2020. Internet Explorer haikukipokea kamwe.

Pengo gumu zaidi lilikuwa mti wa kivuli, yaani sehemu ya kijenzi inayojitenga ili mitindo ya ukurasa isiingie ndani wala ya ndani isivuje nje. Uzio wa namna hiyo JavaScript haiwezi kuujenga kikamilifu. Kizibapengo chake, Shady DOM pamoja na ShadyCSS, kiliuigiza tu: kiliandika upya kanuni za mitindo na kuongeza majina ya darasa kwenye kila tagi ya ndani. Ilitosha kwa kurasa nyingi, lakini mitindo ya ukurasa wa nje bado ilipenya. Anayetafsiri maelezo ya zana hizi asiwaahidi wasomaji kwamba kila pengo huzibika sawasawa.

Sasa upakiaji. Mkusanyo wa vizibapengo vya vijenzi hivi, webcomponents.js, ulikuja na njia mbili. Faili la webcomponents-bundle.js lilibeba vizibapengo vyote, na kila mgeni alivishusha vyote, awe na pengo au asiwe nalo. Faili la webcomponents-loader.js lilikuwa dogo: lilikikagua kivinjari kwanza, kisha likaagiza kinachopungua tu. La kwanza naliita furushi, kwa sababu bando na kifurushi vimeshachukuliwa na kampuni za simu. La pili kipakizi. Kwa msomaji wa Mwanza au Kisumu anayenunua data kidogo kidogo, kipakizi ndicho cha haki, kwa kuwa furushi linakula data yake bila kumpa kitu. Kipakizi nacho kina sharti lake: huleta mafaili baadaye kidogo, kwa hiyo msimbo wa bei-mazao usubiri tukio la WebComponentsReady. Ukitangulia, define haitakuwapo na kosa litaonekana kwenye kivinjari cha zamani peke yake, mahali ambapo mtengenezaji mwenyewe hachungulii.

Wapo pia wasomaji ambao hakuna kizibapengo kitakachowafikia. Opera Mini ikiwa katika hali ya kubana data sana, ukurasa huandaliwa kwenye seva na JavaScript hupata nafasi finyu mno. Ndiyo maana nasisitiza jedwali la bei liandikwe kwa HTML ya kawaida ndani ya tagi ya bei-mazao. Kijenzi kikifanya kazi kitalipamba, kisipofanya kazi bei zitasomeka.

Jambo la mwisho ni mahali pa kukichukua kizibapengo. Tovuti nyingi zilikuwa zikiagiza vizibapengo moja kwa moja kutoka polyfill.io. Mapema mwaka 2024 anwani hiyo iliuzwa, na Juni mwaka huohuo watafiti wa usalama wa Sansec wakatangaza kwamba msimbo uliotoka humo umetiwa hila: baadhi ya wageni wa simu walipelekwa kwenye tovuti za kamari. Tovuti zaidi ya 100,000 ziliguswa. Andrew Betts, aliyeanzisha huduma hiyo, alikuwa ameonya mwezi Februari kwamba haihitajiki tena.

Kama unatunza tovuti, tafuta leo kila mstari unaotaja polyfill.io na uufute. Kizibapengo ambacho bado unakihitaji kiweke kwenye seva yako mwenyewe, na kisichohitajika kitoe.