Kanuni za Mchezo na Moyo wa Mchezaji

Mchezo ni kitu kidogo machoni, lakini ni kikubwa moyoni. Hapa Machakos nimemwona kijana ameketi kivulini, simu mkononi, akitokwa na jasho kama mtu apandaye vilima vya Iveti. Hakuna aliyemfukuza wala aliyemtisha. Nani, basi, aliyemtia hofu? Ni yule aliyetunga kanuni za mchezo wake.

Jambo hili si geni kwetu. Katika dama, kete iliyoliwa hutolewa, na mwenye kushindwa huanza kuona msiba wake kutoka mbali. Bao la Kiswahili, lenye mashimo 32 na kete 64, lina kanuni nyingine. Kete iliyoliwa haitupwi nje. Hupandwa upande wa mlaji, na huko yaweza kuliwa tena. Kwa hiyo maskini wa sasa aweza kuwa tajiri baada ya zamu moja. Kanuni hiyo moja humnyima mshindi usingizi, na humpa mshindwa matumaini.

Mwaka 1978 Mjapani Tomohiro Nishikado alitunga mchezo wa video uitwao Space Invaders, ambamo maadui 55 hushuka kutoka angani. Mashine yake ilikuwa dhaifu: maadui walipopungua, mzigo wake ulipungua, nao waliobaki wakaenda mbio zaidi. Nishikado hakuiondoa kasoro hiyo. Hivyo mchezaji alipokaribia ushindi, ndipo hofu yake ilipozidi.

Mwaka 2015 Mkenya Andrew Kaggia alitoa Nairobi X, ambamo wavamizi wa angani hushambulia Nairobi. Kupigana na wavamizi lilikuwa jambo la zamani. Mahali palikuwa papya. Mtu hutetea mji wake kwa uchungu kuliko mji asioujua.

Ewe kijana, kanuni hizi hutungwa na watu, na kila mtungaji ana nia yake. Yuko atakaye ufurahi, na yuko atakaye usiinuke kitini, akupaye zawadi leo na kukunyima kesho ili urudi kuitafuta. Kwa hiyo hasira au furaha ikikushika mchezoni, jiulize imeletwa na kanuni gani. Aijuaye kanuni ni mchezaji. Asiyeijua huenda yeye mwenyewe ndiye kete.