Spiriti ya Miti, Asili Yake na Madhara Yake

Katika nchi yetu ya Singida pombe si jambo geni. Tangu zamani Wanyaturu na Wanyiramba hupika pombe ya mtama na uwele, na wenye mizinga ya nyuki hufanya pombe ya asali. Pombe hizo hulevya, lakini hazipofushi. Kiko kileo kingine kipofushacho watu, nacho hakikutoka chunguni mwetu. Yatupasa kujua asili yake.

Kileo hicho ni methanoli, yaani spiriti ya miti. Mwaka 1661 mtaalamu Robert Boyle aliipata kwa kuoka mti katika chombo kilichofungwa na kuukusanya mvuke wake. Mwaka 1834 Wafaransa wawili, Dumas na Péligot, walieleza asili yake, wakaipa jina kwa maneno ya Kiyunani yenye maana ya mvinyo na mti. Kisha mwaka 1923, huko Leuna katika Ujerumani, kampuni ya BASF ilianza kuifanya kwa gesi, kwa joto na mgandamizo mwingi, wala magogo hayakuhitajika tena. Leo hufanywa kwa gesi asilia na makaa ya mawe.

Faida zake ni nyingi. Hutumika kutengeneza gundi ya mbao, rangi na plastiki, tena huchomwa kama mafuta. Mwaka 1855 Waingereza waliruhusu kileo cha viwandani kisitozwe ushuru, mradi kimechanganywa na spiriti ya miti ili kisinyweke. Hiyo ndiyo asili ya ile spiriti ambayo wazee wetu waliwashia karabai. Basi sumu ilitiwa kwa makusudi, iwe kama ua wa miiba. Lakini wako wanaoruka ua.

Methanoli haina rangi, na harufu yake yafanana na ya kileo cha kawaida. Ikinywewa, ini huigeuza kuwa asidi ya fomiki, ile iliyojulikana kwanza katika miili ya sisimizi. Asidi hiyo huharibu mishipa ya macho, na kiasi cha vijiko vichache chaweza kuua. Ubaya wake mkubwa ni kukawia: mnywaji hulala akidhani amelewa tu, na pengine baada ya saa 12 hata 24 ndipo aonapo ukungu machoni, tumbo likimkata na pumzi ikimwenda mbio.

Watu wengi hudhani kwamba gongo hupofusha kwa sababu limekenekwa kienyeji. Kweli, gongo lina madhara yake. Lakini nafaka ikikenekwa hutoa methanoli kidogo sana. Vifo vya watu wengi kwa mara moja hutokea mfanyabiashara mwenye tamaa atiapo spiriti ya kiwandani ili kuongeza ukali na faida. Ndivyo walivyokufa watu zaidi ya 100 Nairobi mwaka 2000, na makumi ya watu Kabale, Uganda, mwaka 2010.

Basi, mtu akinywa kisha akalalamika kwamba haoni vizuri, asiachwe alale mpaka ulevi umtoke. Apelekwe hospitali upesi, na waganga waambiwe wazi alichokunywa. Ziko dawa za kulizuia ini lisigeuze sumu hiyo, na mashine za kusafisha damu. Aibu ya kusema ukweli imewapoteza wengi ambao wangaliweza kupona.