Amplifaya Yetu ya Besi na Historia ya Valvu Zake

Kurasa nyingine za kijitabu hiki zinaeleza habari za walimu wetu wa kwaya, kanda tulizorekodi na safari za uinjilisti. Kamati ya jubilii iliomba pia historia fupi ya vyombo vyetu. Kwa kuwa wengi wameuliza ni kwa nini tulifanya mchango wa kununua "balbu mbili" kutoka ng'ambo, tumeona vyema kulieleza jambo hilo tangu mwanzo.

Ilivyotufikia

Katika miaka ya 1970 Nairobi ilikuwa mji wa muziki. Bendi kutoka Kongo na Tanzania, kama vile Orchestra Super Mazembe na Simba Wanyika, zilifanya makao Kenya, na gitaa la umeme likasikika katika kumbi za dansi na redioni. Waanzilishi wa kwaya yetu walikuwa vijana wa wakati huo. Bendi moja ya dansi ilipovunjika na kuuza vyombo, walichanga wakanunua amplifaya moja ya Marshall ya wati 50, iliyotengenezwa Uingereza.

Haikupokelewa kwa furaha na wote. Baadhi ya wazee wa kanisa walisema chombo kilichotoka kwenye dansi na pombe hakifai kukaribia madhabahu. Wengine walijibu kwamba Zaburi ya 150 inahesabu ala za kila aina, za nyuzi na za kupulizwa, wala haiulizi zilitoka wapi. Mwishowe ilikubaliwa iombewe, kisha iwekwe chini kando ya mabenchi ya sauti ya nne. Hapo ndipo ilipo hadi leo.

Valvu ni nini

Amplifaya za siku hizi hutumia transista, kifaa kidogo kilichovumbuliwa katika maabara za Bell nchini Marekani mwaka 1947. Kabla ya hapo kazi hiyo ilifanywa na valvu, yaani chupa ya kioo iliyoondolewa hewa, yenye waya unaowaka ndani kama balbu. Mwingereza John Ambrose Fleming alitengeneza valvu ya kwanza mwaka 1904. Miaka miwili baadaye Mmarekani Lee de Forest akaongeza gridi, na hapo ikawezekana sauti ndogo kuitawala nguvu kubwa.

Ndani ya amplifaya yetu mna valvu ndogo zinazoandaa sauti, na valvu kubwa mbili zinazoisukuma hadi kwenye spika. Hizo mbili ndizo zinazobeba mzigo mzito, na ndizo zinazochoka. Ni za aina ya EL34, iliyotolewa na Mullard, kampuni iliyokuwa chini ya Philips. Jina hilo lina maana. E ni volti 6.3 za kuwasha waya wa ndani, L ni valvu ya nguvu, na 3 ni kitako cha miguu minane.

Marshall wenyewe hawakuanza na EL34. Amplifaya yao ya kwanza, JTM45 ya mwaka 1962, ilifuata mchoro wa Fender Bassman ya Marekani. Ilitumia valvu za aina ya 5881, na baadaye KT66. EL34 zilikuja katikati ya miaka ya 1960, na tangu hapo sauti yake ya katikati, yenye ukali kidogo, imejulikana kuwa sauti ya Marshall. Yeyote aliyesikia kanda yetu ya kwanza ameisikia.

Ilipotulemea

Kwa kuwa ilitumika Jumapili na siku za mazoezi tu, valvu zake zilidumu kwa muda mrefu. Hatimaye moja ilikufa. Fundi mmoja wa mjini alibadilisha hiyo moja, akaiacha ile ya zamani. Katika ibada iliyofuata amplifaya ilianza kuvuma, na katikati ya wimbo bamba la ndani la valvu moja likawa jekundu kama mkaa. Mpigaji wa besi aliiona, akazima mara moja. Tunamshukuru Mungu kwa hilo, kwa maana kitu cha thamani zaidi humo ni transfoma ya kutoa sauti. Valvu hununuliwa mpya, lakini transfoma ya asili ikiungua huipati tena kwa urahisi.

Sababu yake ni rahisi. Valvu hizo mbili hufanya kazi kama watu wawili wenye msumeno mmoja wa kupasua mbao: huyu akisukuma, yule anavuta. Mmoja akiwa na nguvu na mwingine amechoka, msumeno unakwenda upande. Mkondo wa umeme usipolingana, mvumo haufutiki, transfoma inaelemewa, na valvu moja inabeba mzigo wa zote mbili. Ndiyo maana hununuliwa jozi iliyopimwa na kulinganishwa, na hubadilishwa zote kwa pamoja.

Amplifaya ikawekwa stoo, tukatumia kinanda. Kamati ilipoanza kupanga jubilii, wengine walisema iuzwe na pesa ziingie katika mfuko wa karo za watoto wetu yatima. Hoja hiyo ilikuwa nzito na hatukuipuuza. Wengine walisema nyimbo za waanzilishi haziwezi kuimbwa sawasawa bila besi ile, na kwamba wale walioinunua kwa jasho bado wamo kati yetu wachache. Tulipiga kura. Tuliamua itengenezwe kwa mchango wa pekee, bila kugusa hata shilingi moja ya mfuko wa karo.

Tulivyochagua

Swali likawa: valvu gani? Pendekezo la kwanza lilikuwa 6L6, ya Kimarekani, iliyotolewa na RCA mwaka 1936. Inaingia kwenye soketi ile ile ya miguu minane, na sauti yake ni safi zaidi, yenye besi nzito. Lakini kuingia kwenye soketi si sababu tosha. 6L6 huhitaji volti hasi nyingi zaidi kwenye gridi kuliko EL34. Ikiwekwa bila kurekebisha mtambo, hupitisha mkondo kupita kiasi. Kwa upande wa pili, aliye na amplifaya iliyoundwa kwa 6L6 asikimbilie EL34. Waya wa ndani wa EL34 hula ampea 1.5, ilhali ule wa 6L6GC hula 0.9, na transfoma ya umeme huenda isimudu. Pia mguu wa kwanza wa EL34 una gridi inayopaswa kuunganishwa na mguu wa nane. Katika 6L6 mguu huo hauna kazi, kwa hiyo mafundi wengine huutumia kushikilia waya mwingine.

Pendekezo la pili lilikuwa KT88, valvu kubwa yenye nguvu zaidi. Hiyo tuliikataa mapema. Waya wake wa ndani hula ampea 1.6, na nguvu zake za ziada hazina faida pale ambapo transfoma iliundwa kwa wati 50. Kanisa letu si uwanja wa michezo. Tukabaki na EL34, kwa sababu ndiyo mtambo wenyewe uliundiwa.

Likafuata swali la kiwanda. Viwanda vikubwa vya Magharibi viliacha kutengeneza valvu hizi katika miaka ya 1980. EL34 za Mullard za zamani bado zinauzwa, lakini kwa bei ya juu sana, na zilizotumika huuzwa kama mpya. Leo nyingi hutengenezwa Urusi, mjini Saratov, na Slovakia, kwenye kiwanda cha JJ, na nyingine China. Mnunuzi ajihadhari na majina: valvu mpya yenye jina la Mullard hutoka Saratov, si Uingereza. Hilo halimaanishi ni mbaya, ila isilipiwe bei ya ile ya zamani. Mwaka 2022 habari za vizuizi vya kuuza nje bidhaa za Urusi zilipandisha bei, ndipo tukajifunza kutotegemea kiwanda kimoja. Tulinunua jozi mbili zilizolinganishwa, zote za Slovakia: moja ya kutumia na moja ya akiba.

Kupima kabla ya kupiga

Valvu mpya hata za jina lile lile hazipitishi mkondo sawa na zilizotangulia. Kwa hiyo fundi wetu wa sasa alirekebisha bayasi, yaani zile volti hasi za gridi. Hesabu yenyewe ni ya darasani. Bamba la EL34 huruhusiwa kuchoma wati 25. Kwa kawaida mafundi hawapiti asilimia 70 wakati hakuna muziki, yaani wati 17.5. Bamba likiwa na volti 440, gawanya 17.5 kwa 440, utapata karibu mili-ampea 40 kwa kila valvu. Ikizidi sana, bamba huwa jekundu na valvu hufa mapema. Ikipungua sana, sauti hukauka na kukwaruza.

Tunawaomba vijana mtakaoitunza baada yetu mshike mambo haya. Msiifungue hata ikiwa imechomolewa stimani, kwa sababu kapasita zake hubaki na mamia ya volti zinazoweza kuua. Mwacheni fundi aziondoe kwanza. Msiiwashe kamwe bila spika, na hakikisheni swichi ya omu inalingana na spika. Swichi ya volti ibaki kwenye 240. Baada ya kuwasha, ngojeni dakika moja au mbili kabla ya kufungulia sauti. Mkiona bamba jekundu, zimeni, hata kama wimbo haujaisha.

Jozi ya akiba imo kabatini pamoja na madaftari ya kwaya, ndani ya boksi lenye pamba, na tarehe ya kubadilisha iliyopita imeandikwa kwenye kifuniko. Jumapili ya jubilii, wimbo wa kwanza utapigwa kwa amplifaya hiyo, na waanzilishi wetu waliobaki wataketi kwenye mabenchi ya sauti ya nne. Karibuni tumsifu Bwana pamoja.