Futuhi ya kwaya hasimu: Sauti na kicheko katika shule za Eastlands

FUTUHI kuhusu makundi mawili ya shule za upili yanayoshindana kuimba bila ala ni mchezo usio na gharama kubwa. Hauhitaji gitaa, kinanda wala mitambo ya sauti. Unahitaji vijana wenye sauti, jukwaa, na uhasama ambao watazamaji wanaufahamu. Mambo hayo matatu hayajawahi kuadimika katika mitaa ya mashariki mwa jiji la Nairobi, maarufu kama Eastlands. Makala haya yanaeleza utanzu huo, chimbuko la ushindani unaoulisha, na sababu ya kuulinda.

Maana ya futuhi

Wataalamu wa fasihi huitenga tamthilia katika tanzia, ambayo huishia kwa huzuni, na futuhi, ambayo hufurahisha na aghalabu huishia kwa mapatano. Ramsa ni futuhi nyepesi ambayo shabaha yake kuu ni kuchekesha. Kisa cha kwaya hasimu huwa ramsa kikikomea kwenye kejeli za wanafunzi. Hupanda daraja na kuwa futuhi kamili pale kicheko kinapofichua jambo zito: kiburi cha shule yenye jina, aibu ya mwanafunzi asiye na nauli, au mwalimu anayetaka kombe kuliko anavyowataka wanafunzi wake.

Kuimba bila ala nako kuna kanuni zake. Kundi hugawanyika katika sauti nne, yaani soprano, alto, teno na besi. Katika kundi la wavulana watupu, teno hugawanywa mara mbili na besi vivyo hivyo. Mwimbaji wa besi huchukua nafasi ya ngoma, na mwingine huweza kuiga tarumbeta kwa midomo. Kwa kuwa hakuna chombo cha kuwashikilia kwenye ufunguo, waimbaji hutegemeana kwa masikio tu. Mmoja akishuka, huweza kuwashusha wote. Hatari hiyo ndiyo hazina ya mwandishi wa futuhi, kwani hadhira husikia kosa papo hapo hata kama haijasomea muziki.

Nchini Kenya, uimbaji huu umetunzwa kwa miaka mingi na kwaya za makanisa, hasa za Waadventista wa Sabato. Shule pia zimechangia. Bendi ya Sauti Sol, iliyoanzishwa mwaka 2005 na vijana waliosomea Shule ya Upili ya Upper Hill, ilianza kama kundi la kuimba bila ala kabla ya kupata umaarufu kwa muziki wa ala.

Ushindani wa tangu jadi

Kushindana kwa nyimbo na mzaha si jambo geni kwa Waswahili. Katika ngoma ya beni, iliyoshamiri pwani tangu mwishoni mwa karne ya 19, mji uligawanyika makundi mawili. Mombasa kulikuwa na Kingi na Skochi, na huko Tanganyika kukawa na Marini na Arinoti. Wanachama waliiga gwaride na sare za wanajeshi wa kikoloni, wakajipa vyeo vya kifahari, na kuwakejeli wapinzani wao kwa nyimbo. Kundi moja lilihitaji jingine, kwa sababu bila hasimu hakuna wa kutambiwa.

Afrika Kusini ina mfano wa karibu zaidi na kuimba bila ala. Mtindo wa isicathamiya ulikuzwa na vibarua Wazulu waliohamia mijini na kuishi katika mabweni ya wafanyakazi, ambako makundi yalishindana usiku kucha. Kundi la Ladysmith Black Mambazo la marehemu Joseph Shabalala ndilo lililoufikisha mtindo huo duniani kote, hasa baada ya kushiriki katika albamu ya Graceland ya Paul Simon mwaka 1986.

Mitaa ya Eastlands nayo ina historia ya wahamiaji. Pumwani ilitengwa kuwa makazi ya Waafrika na serikali ya kikoloni, na katika miaka ya 1940 ikajengwa mitaa kama Kaloleni na Ziwani. Baadhi ya vyumba vya mitaa ya zamani vilikusudiwa wafanyakazi wanaume walioacha familia mashambani. Baada ya uhuru kukaja Buruburu, Umoja na Dandora katika miaka ya 1970. Watu wa makabila mengi walijikuta wakitumia uwanja mmoja na ukumbi mmoja, na watoto wao wakaikuza Sheng. Kumbi za jamii kama ule wa Kaloleni zilitumika kwa mikutano ya siasa, densi na maigizo.

Safari ya jukwaani

Leo ushindani wa shule una njia mbili rasmi. Ya kwanza ni tamasha za kitaifa za muziki, ambazo kwa kawaida hufikia kilele mwezi Agosti. Ya pili ni tamasha za drama, zilizoanza mwaka 1959 na ambazo kwa kawaida hufikia kilele Aprili. Shule huanza katika ngazi ya chini, na washindi hupanda hadi taifa. Tamasha za drama hukubali michezo ya kuigiza, mashairi ya kukaririwa na kundi, ngoma za kubuni, masimulizi na, katika miaka ya karibuni, filamu.

Shairi la kundi ndilo lililo karibu zaidi na futuhi ya kwaya. Wanafunzi husimama pamoja, hugawana sauti, huguna, huvuma na kuigiza wahusika bila vifaa vingi. Shule ya kutwa isiyo na fedha za mapambo huweza kukabiliana na shule tajiri, mradi tu imepata muda wa mazoezi kabla giza halijaingia na wanafunzi kuanza safari ya kurudi nyumbani.

Jinsi kicheko kinavyojengwa

Kanuni ya kwanza ni kuchukulia jambo dogo kwa uzito mkubwa. Mathalan, kwaya mbili zinaweza kupigania kijana mmoja wa teno anayeishi katika mtaa wa shule moja lakini anasoma katika nyingine. Walimu wanaitana kwenye kikao, viranja wanatumwa kupeleleza, na kumbe kijana mwenyewe sauti yake imeanza kuvunjika.

Kanuni ya pili ni lugha. Kwaya moja hujikakamua kwa Kiingereza cha puani, nyingine hutumia Sheng, na mwamuzi hudai Kiswahili sanifu ambacho yeye mwenyewe anakiboronga. Ya tatu ni uigaji wa sauti za mtaani. Besi akinguruma kama matatu ya nambari 58 iendayo Buruburu, na teno akidakia kama utingo anayeita abiria, ukumbi hucheka kwa kuwa umejitambua.

Kanuni ya nne ndiyo ngumu. Lazima waimbaji wawe hodari kweli. Asiyejua kuimba hawezi kuimba vibaya kwa mpango. Isitoshe, wimbo wa mwisho, ambapo mahasimu huungana, lazima upendeze ili mapatano yaaminike. Filamu ya Marekani ya Pitch Perfect ya mwaka 2012 nayo ilijengwa juu ya ushindani wa makundi ya kuimba bila ala, ingawa wahusika wake ni wa chuo kikuu.

Uhuru wa jukwaa

Hata hivyo, kicheko humgusa anayechekwa, na hapo ndipo mchezo wa shule hukutana na mamlaka. Mifano inayojulikana zaidi haikutoka Nairobi wala haikuwa futuhi, lakini inazihusu shule zote. Mwaka 2013, mchezo wa Shule ya Wasichana ya Butere, Shackles of Doom, ulizuiwa kufika ngazi ya taifa hadi Mahakama Kuu ilipoamuru uigizwe. Kifungu cha 33 cha Katiba ya 2010 kinautaja ubunifu wa kisanaa kuwa sehemu ya uhuru wa kujieleza.

Aprili 2025, mchezo mwingine wa shule hiyo, Echoes of War, nao ulifikishwa mahakamani na kupata idhini. Mjini Nakuru, ambako polisi walirusha vitoa machozi nje ya ukumbi, wasichana hao waliimba wimbo wa taifa kisha wakaondoka bila kuigiza. Walikuwa wamenyimwa kila kitu cha jukwaani isipokuwa sauti zao.

Mwalimu wa Eastlands anayeandaa futuhi ya kwaya hasimu hana budi kulikumbuka hilo. Gharama ya mchezo ni ndogo, ila mwanafunzi akiogopa kumwiga mwalimu mkuu, diwani au mwamuzi, kinachobaki ni nyimbo nzuri zisizochekesha mtu. Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Tuzo ya kwanza anayostahili kijana wa mtaani ni kuachwa amalize mchezo wake.