Bunduki ya 71 na Risasi Zake

Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka mwezi wa Agosti 1914, jeshi la Wajerumani katika Afrika Mashariki lilikuwa na makampuni 14 ya askari. Kati yao walikuwamo Wanyamwezi wengi na Wasukuma, ambao nchi yao yaenea kutoka Mwanza hata Bariadi na Kiloleli. Wengi wa askari hao walichukua bunduki ya Mauser ya mwaka 1871, ya namna fupi iliyofanyizwa kwa wapiganaji wa msituni.

Bunduki hiyo ilitiwa risasi moja moja, na baruti yake ilikuwa ile nyeusi ya kale, ingawa Wafaransa walikwisha kutumia baruti isiyo na moshi tangu mwaka 1886. Askari aliyejificha kichakani hakuonekana mpaka alipofyatua. Hapo wingu jeupe lilipanda juu ya kichwa chake, na adui akajua pa kulenga. Hata hivyo isidharauliwe. Risasi yake ilikuwa nene, milimita 11, yenye uzito wa gramu 25, na katika msitu ambamo watu huonana kwa hatua chache, aliyepigwa nayo aghalabu hakuinuka. Waandishi wengine huipima bunduki kwa umbali inaofikia. Kipimo hicho ni cha nyanda za Ulaya.

Taabu kubwa ilikuwa risasi zenyewe. Manowari za Waingereza zilifunga pwani, wala hapakuwa na kiwanda. Ushindi wa Tanga wa Novemba 1914 uliwapa Wajerumani bunduki mpya 455 na risasi 600,000, tena za adui. Mwezi wa Aprili 1915 meli Rubens ilifika Ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, imejaa silaha; ikapigwa na manowari Hyacinth, na shehena yake ikaingia maji ya bahari. Risasi zikaopolewa. Kwa muda mrefu watu walikaa wakizifungua moja moja, wakaanika baruti, wakasafisha maganda, kisha wakazifunga upya. Lakini fataki iliyoingia chumvi haina ahadi: huenda ikawaka, huenda isiwake, na askari hawezi kujua mpaka avute kifyatulio, adui akiwa mbele yake. Katika hali hiyo, bunduki kuukuu yenye risasi kavu ilimfaa kuliko mpya yenye risasi ya mashaka.

Ndiyo sababu mapigano mengi ya mwisho yalikuwa ya kutafuta akiba. Tarehe 25 Novemba 1917, huko Negomano, von Lettow-Vorbeck aliwashinda Wareno akatwaa risasi zipatazo 250,000 pamoja na bunduki zao, na askari wengi wakazitupa zile za 71. Mwaka mmoja baadaye, siku ile ile, waliposalimisha silaha Abercorn, mji uitwao leo Mbala katika Zambia, bunduki walizoweka chini zilikuwa za Kiingereza na za Kireno.