Udongo wa Ukambani Katika Matumbawe ya Malindi

Kaunti za Kitui na Makueni, katika eneo la Ukambani nchini Kenya, hazipakani na bahari, lakini Mto Athi, ambao kwa sehemu kubwa ndio mpaka kati yao, huambaa Uwanda wa Yatta, hukutana na Mto Tsavo na kuitwa Galana, kisha Sabaki, hadi unapomwaga maji yake katika Bahari ya Hindi kaskazini mwa Malindi. Kwa njia hiyo sehemu ya historia ya kaunti hizi imewekwa chini ya bahari, na walioitoa huko ni wazamiaji.

Uzamiaji kwa mitungi ya hewa ulienea duniani baada ya Jacques Cousteau na Émile Gagnan kuunda, mwaka 1943, kifaa kinachompa mzamiaji hewa kwa kadiri anavyoivuta. Huko Mombasa, kati ya miaka ya 1977 na 1980, ufundi huo uliwezesha kuchimbuliwa kwa mabaki ya Santo António de Tanna, manowari ya Kireno iliyozama mwaka 1697 karibu na Ngome ya Yesu, wakati ngome hiyo ilipokuwa imezingirwa na Waomani. Kazi hiyo inajulikana sana, nayo inastahili sifa zake. Hata hivyo, kwa msomaji wa Ukambani, ushahidi wenye uzito zaidi haumo katika meli yoyote, bali umo katika matumbawe hai ya Hifadhi ya Bahari ya Malindi, iliyotangazwa rasmi mwaka 1968.

Tumbawe ni jiwe la chokaa linalojengwa na viumbe wadogo wa baharini, na aina iitwayo Porites huweza kuishi kwa karne kadhaa, ikiongeza unene wa sentimita moja au zaidi kidogo kila mwaka. Mzamiaji hulitoboa kwa keekee yenye mdomo wa bomba, akatoa mche mrefu wa jiwe ambao hupasuliwa na kupigwa eksirei, na picha ikaonyesha mistari ya weusi na weupe inayohesabika mwaka kwa mwaka, kama pete za shina la mti. Mto unapofurika, chembe za udongo hufika baharini zikiwa zimebeba madini ya bariamu, ambayo huachana na udongo yanapokutana na maji ya chumvi; tumbawe nalo huyachukua na kuyafungia ndani ya chokaa yake. Basi kila palipo na bariamu nyingi katika mche huo, ndipo mvua ya mwaka huo ilipobeba udongo mwingi wa bara.

Mwaka 2007, Dominik Fleitmann na wenzake walichapisha matokeo ya kipimo hicho kutoka tumbawe la Malindi lenye kumbukumbu ya miaka ipatayo 300, yaani lililokuwa likikua tangu zama za manowari ile ya Mombasa. Kwa takriban karne mbili kiwango cha bariamu kilibaki chini, kisha kikaanza kupanda katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20. Bonde la mto huu ni pana, na udongo uliofika baharini ulitoka pia Nairobi na nyanda za kahawa. Lakini Ukambani ndiko kunakochukua sehemu kubwa ya mkondo wake wa kati, na wakati huo ndio serikali ya kikoloni ilipowapa walowezi ardhi nzuri na kuwabana Wakamba na mifugo yao ndani ya hifadhi iliyowekewa mipaka.

Hapa tumbawe linatoa ushahidi katika kesi ya zamani. Katika miaka ya 1930 maofisa wa kikoloni walishikilia kwamba mmomonyoko katika wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo ilijumuisha Makueni, ulisababishwa na wingi wa ng'ombe wa Wakamba, na mwaka 1938 wakaanza kuwalazimisha watu kuwauza. Muindi Mbingu, kiongozi wa Wakamba waliopinga amri hiyo, aliongoza umati uliokwenda Nairobi kwa miguu kumwona gavana. Baadaye alipelekwa uhamishoni Lamu, ingawa uuzaji huo wa lazima ulisitishwa. Wakamba walikuwa wamefuga na kulima katika bonde hilo muda mrefu kabla ya ukoloni, na mche wa Malindi hauonyeshi katika miaka hiyo mmomonyoko unaolingana na ule uliofuata. Kosa, kwa hiyo, halikuwa katika ufugaji wenyewe, bali katika kuufungia ufugaji huo mahali padogo.

Juhudi za kurekebisha zilitoka kwa wakulima pia. Vikundi vya mwethya, yaani vya kusaidiana kazi, vilichimba matuta ya fanya juu, ambayo udongo wa mtaro hutupwa upande wa juu ili uzuie maji, na kujenga mabwawa ya mchanga katika mito ya msimu; Makueni nayo ilitunga mwaka 2015 sheria ya kuhifadhi mchanga wa mitoni. Hata hivyo mvua kubwa zinapofuata ukame, bahari ya Malindi hugeuka rangi ya kahawia, mzamiaji haoni mbali, na tope hutua juu ya matumbawe, yakalazimika kutoa ute ili kujisafisha. Wanaoandika historia ya Kitui na Makueni wamezoea kutegemea masimulizi ya wazee na nyaraka za wilaya. Ni wakati mwafaka wa kuuhesabu mche wa Malindi miongoni mwa nyaraka hizo.