Rubi ya Tanzania iliyoandikwa pauni milioni 11, ikaja kuuzwa pauni 8,010

Kuna jiwe lilitoka Tanzania, likafika Uingereza, na huko likaishia kwenye vitabu vya hesabu vya kampuni moja ya ujenzi ya Shropshire. Lilikuwa bonge la rubi ghafi lenye uzito wa kilo 2.1, na lilipewa jina la kifahari: Gem of Tanzania.

Kwenye hesabu za mwaka 2007 bosi na wenzake waliliandika kuwa mali yenye thamani ya pauni milioni 11. Kampuni ya barabara na madaraja, halafu mali yake kubwa ni jiwe! Lakini karatasi ya tathmini ilikuwepo, imetajwa taasisi ya vito ya Italia, basi mambo yakaenda.

Machi 2009 kampuni ikaanguka. Mamia ya wafanyakazi wakabaki bila kazi. Waliopewa jukumu la kufunga hesabu wakaligeukia lile jiwe, maana kwa bei iliyoandikwa lingelipa madeni mengi. Waandishi wa habari nao wakaiuliza ile taasisi ya Italia. Jibu lilikuwa fupi: karatasi hiyo ni ya kughushi.

Mfanyabiashara mmoja wa vito wa Hatton Garden, mtaa wa masonara London, alisema bonge la anyolaiti la kilo mbili huenda likawa na bei ya pauni 100 tu. Anyolaiti ndiyo ile ya Longido, mwamba wa kijani wenye madoa ya rubi ndani yake. Ni zuri kwa vinyago na mapambo, ila rubi yake kwa kawaida haipitishi mwanga, haifai kukatwa iwe kito cha pete. Mwisho wa yote jiwe likauzwa pauni 8,010.

Walipigwa wapi? Kwanza, kwenye uzito. Gramu moja ni karati tano, kwa hiyo kilo 2.1 ni karati 10,500. Ukizidisha hiyo kwa bei ya karati ya rubi safi unapata mabilioni ya ndoto. Rubi haiuzwi kama mahindi. Linganisha na rubi ya Montepuez, Msumbiji, iliyopigwa mnada New York Juni 2023. Ilikuwa na karati 55.22, yaani gramu 11 hivi, ikaenda kwa dola milioni 34.8. Ile ilikuwa na rangi nyekundu iliyokolea, mwanga unapita, na maabara hazikuona dalili ya kuchomwa.

Hapo kwenye kuchomwa ndipo wanunuzi wengi wa kawaida wanapoumia. Rubi nyingi za sokoni zimepitishwa kwenye moto mkali ili rangi itulie na ukungu upungue. Siyo utapeli kama muuzaji amesema, na rangi hiyo haitoki. Ila bei yake lazima iwe chini ya rubi isiyochomwa yenye sura ileile.

Shida kubwa ni zile zilizojazwa kioo cha risasi, ambazo zilijaa sokoni kuanzia miaka ya 2000. Jiwe lenye nyufa kibao linajazwa kioo, nyufa zinapotea machoni, linang'aa vizuri tu. Ukilitazama kwa lenzi ya kukuza mara 10 huku ukiligeuzageuza, tafuta vipovu vya hewa na mng'ao wa bluu ndani ya nyufa. Jiwe la namna hii hata ndimu ya jikoni inaweza kuliharibu, na moto wa sonara ndiyo kabisa. Rubi kubwa, nyekundu, safi, kwa bei ya kutupa? Jiulize mara mbili.

Kosa la pili lilikuwa kwenye karatasi. Cheti cha maabara inayoaminika kinasema jiwe ni nini, lina uzito gani na limefanyiwa nini. Kwa kawaida hakiandiki bei. Kina namba, na namba hiyo unaihakikisha kwa maabara yenyewe, siyo kwa simu aliyokupa dalali. Jiwe la hela nyingi lipeleke maabara kwa mkono wako kabla hujalipa.

Kwa lile bonge la kilo 2.1, simu moja kwenda Italia ingetosha. Ilikuja kupigwa wakati kampuni imeshazama, na mafundi, madereva na vibarua, ambao wengi wao huenda hata hawakuwahi kuliona jiwe lenyewe, walikuwa tayari wako mtaani wanatafuta kazi nyingine.